Mwongozo wa kupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana kupitia mazoea ya kila siku

Miongoni mwa saratani zote, ile ya utumbo mpana na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo huo, ni ya tatu kwa wingi duniani na ya pili kwa kuua. Mwaka 2020 pekee iligunduliwa kwa watu zaidi ya milioni 1.9 na kuua zaidi ya watu 930,000. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo, ambacho madaktari hukiita polipu, kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, na kinyama kinachogeuka kuwa saratani kwa kawaida huchukua takribani miaka 10 au zaidi kufikia hapo. Katika muda huo mrefu, mambo tunayoyafanya kila siku bila kuyafikiria yanaweza kukichochea au kukidhoofisha, na kipimo kinaweza kukikuta na kukiondoa kabla hakijaleta madhara.

Ushauri wa afya unaosambazwa kwenye simu huyaweka mambo yote kwenye mizani moja, kana kwamba kunywa maji ya ndimu asubuhi na kuacha sigara vina uzito sawa. Havina. Katika mwongozo huu, mambo yenye ushahidi mzito yamepewa nafasi kubwa, mengine yametajwa kwa ufupi, na yale yasiyo na ushahidi yametajwa ili uyaache na kuokoa fedha zako.

Hatua ya kwanza: Fahamu hatari uliyo nayo sasa

Umri, urithi na historia ya maradhi havibadiliki kwa chakula wala mazoezi. Wengi wa wanaougua wamevuka miaka 50, ingawa katika nchi nyingi idadi ya wanaougua kabla ya umri huo imekuwa ikiongezeka. Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra nchini Kenya, alieleza hadharani kwamba alikuwa na saratani hii ikiwa imefikia hatua ya nne, na alifariki Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 41. Ugonjwa huu huwapata pia watu walioishi kwa uangalifu, kwa hiyo mgonjwa asiulizwe alikula nini hata akaupata. Mazoea hupunguza uwezekano wa kuugua, lakini hayamhakikishii mtu yeyote kwamba hataugua.

Anza kwa kuwauliza wazee wa nyumbani. Ukiwauliza kama ukoo una saratani, huenda wakajibu kwamba hauna, kwa sababu wengi walifariki bila ugonjwa wao kutambuliwa. Uliza badala yake ni nani alifariki akiwa amevimba tumbo na kukonda, ni nani alikuwa akitoa damu chooni, ni nani alifanyiwa upasuaji wa utumbo, na kila mmoja alikuwa na umri gani. Mtu ambaye mzazi wake, ndugu yake wa kuzaliwa naye au mtoto wake aliugua saratani hii ana hatari inayokaribia mara mbili ya mtu asiye na historia hiyo. Ikiwa waliougua ni wengi, au waliugua wakiwa vijana, ukoo huo unaweza kuwa na tatizo la kurithi kama lile liitwalo Lynch, na hapo mashauriano na daktari hayapaswi kusubiri. Kisukari cha aina ya pili na ugonjwa wa muda mrefu unaofanya ukuta wa utumbo mpana uvimbe na kuwa na vidonda huongeza hatari pia, kwa hiyo viandike kwenye orodha yako.

Kisha pima kiuno kwa futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani. Simama wima, tafuta kwa vidole mbavu ya mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na uzungushe futi katikati ya sehemu hizo mbili, ikigusa ngozi bila kuibana. Toa pumzi kama kawaida ndipo usome, na usilivute tumbo ndani, kwa kuwa hakuna unayemdanganya. Kipimo kinachozidi sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke kinaashiria kwamba mafuta yamejikusanya kuzunguka viungo vya tumboni. Mafuta hayo huongeza insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, na kuchochea uvimbe wa ndani kwa ndani, ule wa mwili kujihami kama unavyofanya penye jeraha, na yote mawili huzisukuma seli za utumbo zigawanyike kuliko inavyotakiwa. Ndiyo maana kitambi, ambacho wengi wetu tumezoea kukisifia kuwa dalili ya neema, kimo katika orodha ya visababishi ambavyo ushahidi wake hauna shaka.

Hatua ya pili: Pima nyama unayokula kwa wiki, si kwa mlo

Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani na lina makao yake mjini Lyon, Ufaransa, liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Nyama nyekundu iliwekwa katika kundi la 2A, lenye vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Sigara imo pia katika kundi hilo la kwanza, na hapo ndipo vichwa vingi vya habari vilipopotosha, kwa maana makundi hayo yanaeleza uthabiti wa ushahidi na hayalinganishi ukubwa wa madhara. Soseji moja haifanani na pakiti ya sigara.

Ukubwa wa madhara unaelezwa kwa takwimu nyingine: kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takribani asilimia 18. Tuchukue mfano wa watu 1,000 ambao 50 kati yao wangeugua katika maisha yao. Iwapo wote 1,000 wangekula kiasi hicho kila siku kwa miaka mingi, wagonjwa wangefika 59 hivi. Hilo si jambo la kumtia mtu hofu mezani, lakini si dogo pia, hasa ukikumbuka kwamba gramu 50 ni soseji moja tu ya kawaida.

Kwa hiyo anza na nyama iliyosindikwa: soseji, smoki zinazochanwa na kujazwa kachumbari kando ya barabara, bekoni, hemu, salami na nyama ya kopo. Chumvi za naitraiti zinazohifadhi nyama hizi na kuipa rangi ya waridi huchangia kutengenezwa kwa kemikali zinazoharibu vinasaba vya seli za utumbo. Ikiwa mtoto hupewa soseji kila asubuhi kabla ya kwenda shule, badilisha na yai, maharage au karanga, na soseji iwe ya siku chache katika mwaka. Kati ya mabadiliko yote ya jikoni, hili ndilo jepesi zaidi, kwa sababu vyakula hivyo havijawahi kuwa msingi wa mlo wetu.

Nyama nyekundu ni ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia na nguruwe. Wapo wanaoamini kwamba kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni nyeupe kwa sababu ya rangi yake, lakini katika hesabu hii ni nyekundu. Kuku na samaki hawamo. Kiasi kinachopendekezwa na Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani ni kutozidisha milo mitatu kwa wiki, ambayo kwa jumla ni gramu 350 hadi 500 za nyama iliyokwisha kupikwa. Nyama hupungua uzito ikiiva, hivyo gramu 500 hizo ni sawa na gramu 700 hadi 750 za nyama mbichi isiyo na mfupa. Sasa piga hesabu ya Jumamosi jioni: watu wawili wakiagiza kilo moja ya mbuzi choma na kuimaliza, hata ukiondoa mifupa kila mmoja amekula sehemu kubwa ya mgawo wake wa wiki nzima katika kikao kimoja, kabla hajagusa supu ya Jumapili asubuhi. Kwa upande mwingine, familia inayokula nyama mara moja kwa wiki, na tena vipande viwili vitatu katika mchuzi, haina cha kupunguza. Familia hiyo iachwe iendelee kula nyama yake kwa amani, kwani chuma, zinki na vitamini B12 vilivyomo vinahitajika, hususan kwa watoto na wajawazito.

Upishi nao una sehemu yake. Nyama inayoungua juu ya moto mkali, na mafuta yanayodondokea makaa na kurudisha moshi, hutengeneza kemikali zinazoweza kuharibu vinasaba. Ichemshe nyama kidogo kabla ya kuichoma, iweke mbali na ndimi za moto, igeuze mara kwa mara, na ukate sehemu zilizoungua kabla ya kuitia kwenye sahani.

Hatua ya tatu: Rudisha nyuzinyuzi kwenye sahani

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alishangazwa na uchache wa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana aliowaona Afrika akilinganisha na Uingereza, na mwaka 1971 alichapisha hoja kwamba tofauti hiyo ilitokana na nyuzinyuzi katika chakula. Hoja yake haikuwa kamili, kwa kuwa wakati huo Waafrika wengi hawakufikia uzee na wengine waliugua bila kufika hospitali. Hata hivyo, tafiti zilizofuata zimelipa uzito wazo lake la msingi: kila ongezeko la gramu 10 za nyuzinyuzi kwa siku huambatana na kupungua kwa hatari kwa takribani asilimia 10.

Nyuzinyuzi hazimeng'enywi katika utumbo mwembamba, bali hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria huzichachusha na kutoa asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo na ambayo hutuliza uvimbe. Pia huongeza ujazo wa choo na kukisukuma kitoke upesi, hivyo uchafu wenye kemikali hauketi muda mrefu ukigusana na ukuta huo. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio ambamo Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipewa chakula chenye takribani gramu 55 za nyuzinyuzi kwa siku na mafuta kidogo, nao Waafrika wakapewa chakula cha Kimarekani chenye gramu 12 tu na mafuta mengi. Katika wiki hizo mbili, viashiria vya uvimbe na vya seli kugawanyika ovyo vilishuka kwa Wamarekani na kupanda kwa Waafrika, na butireti ikafuata mkondo wa kinyume. Jaribio kama hilo lililofanyika mkoani Kilimanjaro kwa wanaume 77 na kuchapishwa mwaka 2025 lilionyesha vilevile kwamba kuhama kutoka chakula cha asili kwenda cha kimagharibi huamsha uvimbe mwilini ndani ya wiki mbili. Hakuna jaribio kati ya hayo mawili lililohesabu wagonjwa wa saratani, kwa kuwa wiki mbili hazitoshi. Yanachoonyesha ni kwamba utumbo huitikia chakula upesi sana, na hilo ni faida kwa anayetaka kubadilika akiwa na miaka 50.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 13 hadi 15, nusu parachichi ina gramu 5 hadi 7, na kikombe cha wali mweupe hakifikishi hata gramu 1. Kwa hiyo anayekula wali kwa maharage mchana, mchicha au kisamvu usiku, na pera moja au mawili katikati, amekaribia lengo bila kununua chochote cha dukani chenye maandishi ya afya. Kunde, choroko, mbaazi, dengu na njugu mawe hufanya kazi ileile ya maharage. Anayekula chipsi mayai mchana na wali kuku usiku hakaribii lengo hata kwa nusu. Tunda liliwe zima, kwa sababu juisi iliyochujwa imeacha nyuzinyuzi zake kwenye chujio na kubakiza sukari.

Kuhusu ugali, dona ni bora kuliko sembe iliyokobolewa, kwa kuwa pumba na kiini cha punje vimebaki ndani ya unga. Tahadhari iwepo, hata hivyo. Sumukuvu inayotokana na ukungu hujikusanya zaidi katika sehemu hizo hizo za nje za punje, na mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Dona nzuri huanza na mahindi yaliyokaushwa vizuri, yakahifadhiwa pasipo unyevu, na kuchambuliwa kwa mkono ili punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe kabla ya kwenda mashineni. Ukiwa huna uhakika na mahindi, changanya unga wako na wa mtama au ulezi uliouchagua mwenyewe, au kula sembe na uzidishe maharage.

Ongeza nyuzinyuzi polepole, kwa wiki mbili au tatu, na kunywa maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi na utakata tamaa. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, ndipo yapikwe kwa maji mapya.

Maziwa nayo yana nafasi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2025, uliofuatilia wanawake zaidi ya 540,000, ulikuta kwamba miligramu 300 za ziada za kalsiamu kwa siku, kiasi kilichomo katika glasi kubwa ya maziwa, ziliambatana na hatari iliyopungua kwa asilimia 17. Mtindi na maziwa ya mgando yanahesabika vilevile.

Hatua ya nne: Hesabu pombe kwa gramu, na uache tumbaku

Mwili hauulizi kama pombe ni bia, mvinyo, mbege, wanzuki au gongo. Zote huvunjwavunjwa kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu vinasaba. Kila gramu 10 za pombe halisi kwa siku huongeza hatari kwa takribani asilimia 7, na chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Anayekunywa chupa tatu kila jioni anameza gramu 60. Asiyekunywa asianze kwa kisingizio cha afya ya moyo, na anayekunywa achague kwanza siku ambazo hatakunywa kabisa, kwa maana kupunguza idadi ya siku ni rahisi kuliko kusimama kwenye chupa ya pili ukiwa na marafiki.

Tumbaku ilithibitishwa kuwa kisababishi cha saratani hii mwaka 2009. Iache.

Hatua ya tano: Tembea zaidi, keti kidogo

Kiwango kinachopendekezwa ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa kasi lakini uweze kuzungumza. Watu wenye shughuli nyingi za mwili wana hatari ya saratani ya utumbo mpana iliyo pungufu kwa takribani asilimia 20 kuliko wasio nazo, ingawa kwa saratani ya puru faida hiyo haijaonekana wazi. Mkulima anayelima kwa jembe na mama anayebeba maji kwa umbali mrefu tayari wamepita kiwango hicho, na mwongozo huu hauwadai mazoezi. Anayedaiwa ni yule anayepanda bodaboda kutoka nyumbani hadi kituoni, anaketi ofisini kwa muda wa saa nane, kisha anarudi kuketi mbele ya televisheni. Ashuke kituo kimoja kabla, na asimame kila baada ya saa moja.

Hatua ya sita: Usitumie fedha kwa visivyo na ushahidi

Unga na chai za kusafisha utumbo au kuondoa sumu hazipunguzi hatari ya saratani hii, na baadhi yake zina dawa kali za kuharisha ambazo huupokonya mwili maji na chumvi. Ute unaoonyeshwa kwenye picha za matangazo kama uchafu uliotoka si uthibitisho kwamba sumu imeondoka. Asipirini imeonyesha faida kwa watu wenye tatizo la Lynch, lakini inaweza kusababisha kutokwa damu tumboni, kwa hiyo isimezwe kila siku bila daktari kuiandika.

Hatua ya saba: Usingoje damu izoeleke

Hakuna chakula kinachochukua nafasi ya kipimo. Wagonjwa wengi katika hospitali za Afrika Mashariki hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na njia waliyopitia hufanana: damu chooni ikaitwa bawasiri, maumivu yakaitwa vidonda vya tumbo au minyoo, na miezi ikapita kwa dawa za dukani. Bawasiri ni ya kawaida kweli na ndiyo sababu ya damu katika visa vingi, lakini mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Mwone daktari ukiona damu katika choo, ukipata choo chembamba, kuharisha au kufunga choo kusiko kwa kawaida yako kwa wiki tatu au zaidi, ukihisi haja haijaisha hata baada ya kwenda, au ukikonda bila sababu. Upungufu wa damu kwa mwanamume, au kwa mwanamke aliyekoma hedhi, usitibiwe kwa vidonge vya chuma pekee bila chanzo chake kutafutwa. Eleza bila kuona haya, useme rangi ya damu, kama imechanganyika na choo au inadondoka baadaye, na imeanza lini. Kubali kupimwa kwa kidole, kwani kipimo hicho hakihitaji mashine na huweza kugundua baadhi ya vivimbe vya saratani vilivyo kwenye puru. Daktari akiishia kuandika dawa ya bawasiri bila kukupima, omba upimwe, na ukikataliwa nenda kwingine.

Wasio na dalili nao wana kipimo chao. Marekani hupendekeza uchunguzi kuanzia miaka 45, na Uingereza huwatumia watu nyumbani kipimo cha kutafuta damu iliyofichika katika choo. Huku kwetu hutatumiwa barua, kwa hiyo ukifika umri huo kiulizie mwenyewe kipimo hicho. Mwenye mzazi au ndugu aliyeugua huanza kwa kolonoskopi, kipimo cha kuingiza mrija wenye kamera katika utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa, akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa, kutegemea ni ipi inayotangulia.

Kolonoskopi huhitaji siku moja ya kunywa vimiminika visivyo na rangi na dawa ya kusafisha tumbo, ambayo watu wengi husema ndiyo sehemu ngumu kuliko kipimo chenyewe. Mweleze daktari mapema ikiwa unatumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda, na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwa sababu utapewa dawa ya usingizi. Vinyama vikionekana, kwa kawaida huondolewa papo hapo na kupelekwa maabara. Hifadhi majibu hayo kwa maandishi, uliza tarehe ya kurudi, ambayo hutegemea idadi, ukubwa na aina ya vinyama, na iwapo maabara imekuta saratani au kinyama kilichofikia hatua ya juu, wape ndugu zako wa kuzaliwa nakala ili wao pia waanze kupimwa mapema.